Kunja, Mtu wa Magoti na Mabega

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio kazini na redio iko pembeni, na nyinyi mliolala hapo mguu umeinuliwa juu ya mto, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Watu walimwita Kunja. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya mifupa. Alifariki mwezi uliopita, akiwa kazini, ndani ya chumba kilekile alichokitumikia karibu maisha yake yote.

Habari hizi tumezipata kwa mke wake. Mke wake ni msusi. Alitupokea saluni kwake, akatukalisha kwenye viti vya wateja, mbele ya kioo kirefu, naye akasimama nyuma yetu. Alisimulia huku akitutazama kupitia kile kioo, kitana mkononi.

"Nikiwa na kitana naongea vizuri," alisema. "Bila kitana sijui mikono niiweke wapi."

Tuanze na siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Kunja aliondoka nyumbani akilalamika kwamba chai ilikuwa ya moto mno, mke wake akamjibu kwamba chai ya baridi inaitwa maji. Wakaachana hapo. Msusi akafungua saluni, akapata mteja wa rasta, akaanza kusuka. Nusu ya kichwa ilikuwa imekamilika, nusu bado, simu ikalia. Alikuwa ni mfanyakazi mwenzake na Kunja, dada mmoja ambaye Kunja mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Mama, uko wapi?"

"Niko kazini."

"Umekaa?"

"Nasuka, mwanangu. Nitasukaje nimekaa?"

Yule dada akasema, "Mama, mzee ameanguka. Alikuwa ameinama anamfunga mgonjwa kamba za kiatu. Madaktari wamemhangaikia sana. Ametutoka, mama. Ni moyo."

Msusi akasema, "Sawa." Akaongeza, "Asante." Akaiweka simu kwenye rafu, kando ya kopo la mafuta ya nywele. Akarudi kwenye kichwa cha mteja.

Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, alirudi kusuka. Alisuka ile nusu iliyobaki mpaka mwisho. Akachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto. Akachukua mkasi, akapunguza nyuzi zilizochomoza. Mteja akajitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku, akafurahi. "Leo umenisuka ukanisuka," akasema. "Lakini mbona umenyamaza hivyo?"

Msusi akamjibu, "Mume wangu amekufa."

Mteja akapiga ukelele. Wanawake wengine waliokuwa kwenye foleni nao wakapiga ukelele. Msusi alisimama katikati yao, mkasi mkononi, akijiuliza wanamlilia nani.

"Umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi?" alituuliza. "Unauona uko pale, ni wako, lakini ukiugusa ni kama unamgusa mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Bado niko hivyo."

Sasa tumrudie Kunja mwenyewe. Alikuwa nani?

Alikuwa mrefu, mwenye upara unaong'aa na sauti ya mtu anayenadi mitumba. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali, chini ya ngazi. Kulikuwa na vyuma viwili vya kushikilia wanaojifunza kutembea upya, mikanda ya mpira iliyoning'inia ukutani, kitanda kirefu chenye ngozi iliyochanika pembeni, na harufu ya dawa ya kuchua ambayo haikutoka hata madirisha yakishinda wazi. Ukiwa mbali kwenye korido ulikuwa unamsikia: "Kunja! Nyoosha! Kunja tena!" Hapo ndipo jina lilipotoka. Wagonjwa walimwogopa, na wagonjwa walipona. Yote mawili yalikuwa kweli.

Mke wake alimfahamu kwa njia hiyo hiyo. Enzi hizo alikuwa msichana, amejiajiri kusuka, mikono iko juu kutwa nzima. Mafuta yalimwagika sakafuni, akateleza, akaangukia mkono. Bega likateguka. Hospitali wakalirudisha mahali pake, wakamning'inizia mkono shingoni kwa kitambaa, lakini picha ikaonyesha kwamba kano moja ya bega imechanika kidogo. Daktari wa mifupa akamwambia wazi: tunaanza na mazoezi, tukiona hayasaidii, tutafikiria upasuaji.

Msusi akakasirika. "Nimekuja kutibiwa, sikuja kucheza," alimwambia daktari. Alidhani amefukuzwa kwa adabu.

Kule chumbani Kunja alimsimamisha mbele ya ukuta, akamwambia apandishe vidole taratibu, kimoja baada ya kingine, kama buibui. Pale vidole vilipogoma, Kunja akachora mstari kwa chaki. Siku iliyofuata alimtaka auvuke ule mstari. Msusi alilia, akatukana, akamwambia, "Kaka, wewe una roho ya jiwe."

"Sawa, ya jiwe," Kunja akamjibu. "Lakini mkono wako utafika kichwani."

Na ulifika. Siku mkono ulipofika utosini, msusi alikaa kwenye kile kitanda kilichochanika akafumua nywele zake mwenyewe, nywele ambazo kwa wiki nyingi mdogo wake ndiye aliyekuwa akimfunga. Kunja aligeukia dirishani, akajifanya anatafuta kitu.

Baada ya hapo alimleta mama yake saluni kusukwa. Kisha akamleta dada yake. Kisha akaja mwenyewe, peke yake, na upara wake.

"Nikusuke nini, kaka?" msusi akamwuliza.

"Nimekuja kukagua bega."

Bega lilikaguliwa mpaka wakaoana. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, ambaye leo ni fundi umeme.

Wasikilizaji wapendwa, Kunja aliipenda kazi yake na hakuchoka kuieleza. Mtu akija na kifundo cha mguu kilichoteguka uwanjani, alimwambia: pumzisha, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, funga bandeji, inua mguu, na usikimbilie kuuchua kwa nguvu. Akija aliyevunjika kifundo cha mkono, alimweleza kwa nini mmoja anafungwa plasta ngumu na mwingine anawekewa vyuma na skrubu. Akija kijana wa mpira aliyekatika kano ya goti, alimwambia kwamba siku hizi daktari anaingia kwa matundu madogo, ana kamera nyembamba kama bua, na anaweka kano nyingine. Lakini kila mara alimalizia kwa neno lake:

"Daktari anaurudisha mlango kwenye bawaba. Mimi naufungua na kuufunga mpaka uache kulia."

Ila alikuwa mkali. Hilo mke wake halifichi.

Aliwahi kuja fundi rangi mmoja. Alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka dari, akavunjika kiwiko cha mkono wa kulia. Alipasuliwa, mfupa ukaunganishwa kwa waya, akapelekwa kwa Kunja. Na kiwiko, wasikilizaji, ni kiungo cha kisirani. Ukikiacha kidogo tu kinaganda. Kunja alijua hivyo, akawa na haraka. Fundi alitokwa jasho, akaomba apewe nafasi, akaomba tena. Kunja akamwambia mbele ya wagonjwa wote, "Wewe ni mvivu. Umekuja kupona au umekuja kulia?"

Fundi rangi alichukua shati lake kwa mkono wa kushoto, akatoka bila kulivaa. Hakurudi tena.

Jioni Kunja alisimulia nyumbani akicheka. "Amekimbia, mwanamume mzima."

Mke wake akamwuliza, "Ulimwuliza anaumwa kiasi gani?"

"Wote wanaumwa."

Mazungumzo yakaishia hapo. Miaka ikapita. Kunja akaendelea kukunja watu.

Kisha goti lake mwenyewe likaanza. Ukweli ni kwamba lilianza zamani. Ujanani alikuwa mlinda mlango wa timu ya mtaani. Siku moja aliruka akatua vibaya, goti likajipinda. Hakwenda hospitali. Alipaka dawa ya kuchua, akafunga kitambaa, akaendelea kudaka. Kano ilikuwa imekatika, goti likabaki linacheza kama mguu wa meza uliolegea, na polepole gegedu, ile nyama ngumu yenye utelezi inayokaa kati ya mifupa, ikalika. Mtu aliyejua magoti ya watu wote aliliacha la kwake.

Alilificha vizuri. Kazini alisimamia mguu mmoja kama korongo, akisema anafikiri. Nyumbani waliishi ghorofa ya pili. Siku moja mke wake alifungua mlango akamkuta anateremka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta kwa mikono miwili.

"Baba, unashuka au unapanda?"

"Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kurudi nyuma."

Msusi hakucheka. Kesho yake alifunga saluni, akaenda moja kwa moja kwa daktari wa mifupa. "Daktari, nina mgonjwa mkaidi."

"Yuko wapi tumwone?"

"Yuko hapo chini, kwenye chumba chako cha mazoezi. Anawapigia watu kelele."

Daktari aliteremka mwenyewe. Akamshika Kunja mkono, akampeleka kwenye chumba cha picha kama mwalimu anayempeleka mtoro ofisini. Picha ilipotoka hakukuwa na la kubishana. Mfupa ulikuwa unasaga mfupa.

Hawakukimbilia kisu. Alipewa dawa za maumivu, akaambiwa apunguze uzito, aimarishe misuli ya paja, atembee na fimbo. Fimbo aliikataa kwanza, kisha akaipokea, kisha akaipenda, akawa anawaelekezea wagonjwa nayo. Baadaye alichomwa sindano ndani ya goti, akapata nafuu ya miezi michache. Nafuu ikaisha. Daktari akamwambia kwamba sasa limebaki moja: kuweka goti la bandia.

Siku ya kulazwa, Kunja alikaa kitandani na gauni la hospitali linalofungwa nyuma, gauni ambalo miguu yake mirefu ililifanya lionekane la mtoto. Akamtazama mke wake. "Naogopa," akasema.

Msusi anasema hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, wala hakuwahi kudhani analijua.

Walimchoma ganzi ya mgongoni. Alikuwa macho nusunusu. Alisikia nyundo na msumeno, akamwambia daktari, "Mnatengeneza kabati huko?" Upasuaji ulikwenda salama. Nasema tena, ulikwenda salama. Siyo goti lililomuua Kunja.

Kesho yake aliingia yule dada ambaye Kunja ndiye aliyemfundisha kazi. Akasema, "Shikamoo mzee. Leo tunasimama." Wakasimama. Kisha akamlaza, akashika mguu, akasema neno lile lenyewe: "Kunja."

Goti lilikunjika kidogo likagoma. Akalisukuma. Kunja akashika vyuma vya kitanda. "Basi!" akapiga kelele. "Basi, mama, basi!" Machozi yakamtoka mbele ya wodi nzima. Mke wake alikuwa mlangoni na chupa ya chai, akabaki hapohapo.

Yule dada akaondoa mkono. Akavuta stuli, akakaa, akasubiri pumzi za mzee zitulie. Kisha akamwuliza, "Inauma kiasi gani? Niambie wewe, halafu tuone tunaendaje."

Kunja alimgeukia.

"Nani alikufundisha kuuliza hivyo?" akasema. "Mimi sikukufundisha."

"Hapana, mzee. Niliwatazama nyuso zao tu, wewe ukiwa unatazama magoti."

Wasikilizaji wapendwa, Kunja aligeukia ukuta. Mke wake alikaa kando yake hadi chai ikapoa, na Kunja hakulalamika kwamba imepoa.

Alipopona, alipoweza kutembea bila magongo na kushuka ngazi akitazama mbele kama watu wengine, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumtafuta fundi rangi. Aliuliza kwa mafundi, akaelekezwa. Akamwambia mke wake, "Twende wote. Nikiwa peke yangu nitageuka njiani."

Walimkuta kwenye duka la rangi. Hakuwa anapaka tena, alikuwa anauza. Kiwiko chake cha kulia kilikuwa kimeganda katikati, mkono umebaki kama kishikio cha kikombe. Alikuwa anakoroga rangi kwa mkono wa kushoto.

"Karibu mzee. Rangi gani?"

"Sikuja kununua rangi. Nimekuja kukuomba radhi."

Fundi aliendelea kukoroga. "Kwa lipi?"

"Nilikuita mvivu mbele za watu. Hukuwa mvivu. Ulikuwa unaumwa na mimi sikukuuliza."

Kijiti kikasimama ndani ya kopo. Fundi akasema, bila kuinua macho, "Mke wangu ndiye aliyekuwa ananivalisha shati. Ananifunga vifungo vya shingoni, mimi nimetazama juu kama mtoto. Nilikuwa namwambia asinisemeshe akiwa anafunga." Akaunyanyua mkono wa kulia. "Hata kijiko hakifiki mdomoni kwa mkono huu."

Kunja akasema, "Najua."

"Hujui, mzee."

"Kweli. Sijui."

Fundi rangi hakusema amesamehe. Alisema, "Subirini nimalize mteja." Wakasubiri, Kunja na mke wake, wamekalia ndoo za rangi kama watoto waliotumwa dukani. Mteja alipoondoka, Kunja akamweleza kwamba kiwiko kilichoganda kinaweza kupasuliwa, daktari akaondoa kinachokizuia, lakini kazi kubwa ni mazoezi ya baadaye. Hakumwahidi mkono wa zamani. Alimwambia atapata sehemu.

Fundi akacheka kicheko kikavu. "Nije tena unipigie kelele?"

"Nitanyamaza. Wewe ndiye utaniambia lini nikunje."

Ilichukua muda kumshawishi. Alikuja mwishowe, akapasuliwa. Na Kunja, mwenye sauti ya mnadi, alikaa miezi na yule fundi akiongea kwa sauti ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Wagonjwa wengine walidhani mzee anaumwa koo. Mkono haukunyooka wote. Dari hazifikii mpaka leo. Lakini anafunga vifungo vyake mwenyewe, anakula kwa mkono wa kulia, na anapaka milango na fremu za madirisha. Ndivyo ilivyokuwa. Sehemu, siyo yote.

Tangu hapo hadi siku aliyofariki, Kunja hakumgusa mgonjwa kabla ya kumwuliza. Jina lilibaki lilelile. Ila yule dada anatuambia kwamba miaka ya mwisho neno lenyewe "kunja" alikuwa halisemi. Alikuwa anasema, "Twende?" Kisha anasubiri ajibiwe.

Maziko yalijaa watu. Msusi hazikumbuki nyuso. Anakumbuka viatu, kwa sababu muda mwingi alikuwa ametazama chini. Kila aliyempa mkono alimwambia, "Asante kwa kuja." Fundi rangi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Alipofika mbele yake alisema, "Mama, sina la kusema." Naye akamjibu, "Asante kwa kuja," kama alivyowajibu wote.

Kaka yake Kunja, ambaye ana wasiwasi wa kweli, alimwita pembeni. "Shemeji, lia hata kidogo. Utaugua."

"Nikitaka kulia nitakuita, shemeji."

Binti yao alilia kwa niaba ya wote wawili. Ndiye aliyehamia kwa mama yake baada ya maziko. Anatuambia kwamba wiki ile ile mama yake alirudi kazini. Siku moja binti alikwenda saluni kurekebisha swichi, akamkuta anachovya ncha za rasta kwenye maji yanayotoa moshi, na vidole vimezama humohumo.

"Mama! Mkono!"

Msusi akautoa mkono, akautazama. Ulikuwa umebabuka. "Ala," akasema. Akauliza kama kuna bandeji.

Tulimwuliza kama ana hasira. Alifikiri, akasema hapana. Tulimwuliza kama anamwota. Hapana. Tulimwuliza kama anahisi mumewe yuko karibu, maana wengi hutuambia hivyo. Akachana nywele za kichwa cha sanamu kilichokuwa mezani, akazichana mara nyingi upande mmoja.

"Sihisi chochote," alisema. "Watu hawapendi nikisema hivyo. Wanataka niseme nimevunjika. Kama ningevunjika ningejua pa kushika. Naamka, nafungua saluni, nasuka. Jana nimekula, leo sikumbuki nilikula nini. Siyo kwamba simpendi. Msinielewe vibaya."

Tulimwambia hatumwelewi vibaya.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu wote hapa studio, natoa pole kwa msusi, mke wa marehemu. Natoa pole kwa binti yao, fundi umeme. Pole kwa kaka mtu na ndugu wote. Pole kwa wahudumu wa hospitali ya mifupa, na kwa yule dada ambaye sasa ndiye anayeshika funguo za kile chumba chini ya ngazi.

Na wewe unayenisikiliza, tafakari nami. Kama una goti unalolificha, bega lisiloinuka, kifundo kilichoteguka ukakifunga kitambaa ukakisahau, nenda kaonane na wanaojua. Siyo kila kiungo kinahitaji kisu. Vingi vinahitaji kuanza mapema na kuvumilia. Na kama wewe ndiye unayeuguza, nesi, daktari, mke, mume, mtoto, kabla hujamshika mtu, mwulize. Akikujibu, mwamini. Na akikwambia hahisi chochote, mwamini pia, kaa naye.

Kwa kawaida, wasikilizaji, hapa ndipo tunapopiga wimbo alioupenda marehemu. Tulimwomba mke wake atuchagulie. Alisimama na kitana chake, akafikiria kweli, akatikisa kichwa.

"Msipige wimbo," alisema. "Acheni kimya tu. Kimeshanizoea."

Basi hatupigi wimbo. Redio yako haijaharibika, usiiguse. Tunanyamaza naye kidogo.